Makali Mbele ya Lenzi: Namna ya Kupiga Picha ya Kisu kwa Karibu

Siku hizi visu vyauzwa kwa picha. Zamani mnunuzi alikwenda mwenyewe Marikiti au Kongowea, akakitwaa kisu, akakipima uzito juu ya kiganja, akapitisha kidole gumba kwa kukingama juu ya makali, akagonga ubapa kwa ukucha asikie mlio wake, ndipo akauliza bei. Leo dada aliye Lamu au Malindi, au jamaa yetu aliyehamia Maskati, huletewa picha tatu katika simu na kuambiwa atume pesa afungiwe mzigo. Kidole hakigusi kitu wala sikio halisikii kitu. Kazi yote imeachiwa jicho, na jicho lenyewe halitazami kisu, latazama sura ya kisu.

Biashara hii kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa kina mama. Wako waagizao vyombo vya jikoni kutoka Dubai, wako wanunuao kwa jumla Nairobi na kuuza kimoja kimoja, na wako wauzao kazi ya wahunzi wetu wa jua kali, visu vilivyofuliwa kwa springi za magari mabovu, ambavyo sisi twavipenda kuliko vingi vya madukani. Inapokaribia Idi ya kuchinja, simu hujaa picha zao. Tumezitazama nyingi na twasema kweli: nyingi hazifai. Kisu kimepigwa usiku chini ya taa ya sebuleni, ubapa umekuwa mweupe kama karatasi, makali hayajulikani yalipo, na zulia lenye maua lililo chini yake limetoka wazi kuliko kisu chenyewe.

Huenda msomaji akauliza habari ya picha na hukumu yake. Kisu hakina roho, na wanazuoni walioikemea sura walizungumzia sura ya chenye roho. Basi katika hili hatuna ugomvi na mtu, na tuendelee.

Si muda mrefu tuliletewa mzozo mdogo. Mama mmoja alimwuzia mwenziwe wa mji mwingine kisu cha nyama. Kisu kilipofika, mnunuzi alikipangusa kwa kitambaa, na uzi wa kitambaa ukanasa. Palikuwa na pengo katika makali karibu na ncha, dogo kiasi cha punje ya ulezi. Muuzaji akaapa kwamba hakuficha kitu, picha alizipeleka na mnunuzi aliziona. Tukaomba tuzione na sisi. Mahali pa pengo palikuwa pamemezwa na mng'ao wa taa, na hata ukiikuza picha kwa vidole huoni ila weupe. Muuzaji mwenyewe hakulijua pengo hilo. Alikitoa kisu katika boksi, akakipiga picha kwa umbali wa mkono, akakirudisha.

Hukumu haikuwa ngumu. Aibu ilikuwapo kabla ya kuuza na mnunuzi hakuijua, kwa hiyo ana hiari ya kurudisha. Muuzaji akarudisha pesa na akabeba nauli ya basi ya kwenda na ya kurudi, ambayo kwa jumla ilizidi faida yake. (Juu ya kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona kwa macho yake, madhehebu yetu ya Kishafii yana maneno marefu, hatuingii humo leo.) Lakini picha ile ilitukaa akilini. Hapana aliyesema uongo katika watu wale wawili, ila taa. Na dawa ya taa ni elimu kidogo, ambayo mama yeyote mwenye simu ya kawaida aweza kuipata kwa alasiri moja.

Chuma ni kioo

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba chuma kilichosuguliwa hakionyeshi sura yake, huonyesha sura ya kilicho mbele yake. Sahani ya udongo huupokea mwanga na kuutawanya pande zote, ndiyo maana waiona popote usimamapo. Ubapa wa kisu huurudisha mwanga upande mmoja tu, kwa pembe ile ile uliyojia, kama mpira uliopigwa ukutani. Habari hii si ngeni katika vitabu vyetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufia Kairo yapata mwaka 1040, aliipa sehemu kubwa ya Kitab al-Manadhir, kitabu ambacho ndani yake alieleza kuwa jicho huona kwa mwanga unaotoka kwenye kitu na kuingia jichoni, si kwa mwale utokao jichoni kukiendea kitu kama walivyodhani wengi kabla yake. Mpiga picha wa visu hana haja ya kukisoma kitabu chote. Ahifadhi hili moja: akitaka kujua kisu kitatokaje katika picha, asikitazame kisu, atazame kisu kinaelekea nini.

Kikielekea taa, patatoka doa jeupe. Kikielekea dari, yatatoka mapanga ya feni. Na kikimwelekea mwenye kupiga, atatoka yeye. Hapa twaomba kina mama wasikilize zaidi, kwani tumeona picha ya kisu kipana cha kukatia mifupa ambayo ndani ya ubapa wake alionekana aliyeipiga, yumo nyumbani kwake, kichwa wazi, na nyuma yake mlango wa chumba. Picha yenyewe ilikuwa imekwisha kuzunguka katika makundi ya watu asiowajua. Hakukusudia, wala hakuona, kwa sababu akili yake ilikuwa kwenye kisu. Kabla ya kuituma picha yoyote ya chuma king'aacho, ikuze kwa vidole viwili, uupekue ubapa kutoka shina la mpini hadi nchani, utazame nani yumo ndani.

Nguo nyeupe na nguo nyeusi

Dawa yake ni kukipa kisu kitu kizuri cha kuelekea. Zima fleshi ya simu, zima na taa za nyumba. Ketia karibu na mlango wa uani au dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Pwani yetu jua la adhuhuri hukaa utosini na mwanga wake ni mkali mno kwa chuma. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya saa tatu, au alasiri baada ya saa kumi. Kama dirisha lapigwa na jua, litundike shuka jeupe au karatasi ya kuokea. Mwanga upitao katika shuka hutawanyika, na dirisha zima hugeuka kuwa taa moja kubwa tulivu.

Kisha kilaze kisu juu ya kibao cha kukatia, kisichokuwa na kung'aa, na upande wa pili wa dirisha usimamishe kitu cheupe: karatasi ngumu, sinia lililofunikwa leso nyeupe, chochote. Sasa inama na simu yako mkononi na uende polepole kushoto na kulia huku ukitazama kioo cha simu. Utafika mahali ambapo weupe wa shuka utaujaza ubapa wote, kutoka upande hadi upande, bila doa wala kivuli. Hapo ndipo pa kupigia. Ukisogea kidogo, ubapa utakuwa mweusi. Ukisogea tena, utaona nusu kwa nusu.

Baadhi ya watu wakishafika kwenye weupe huridhika, na picha zao hutoka baridi, kisu hakina umbo. Hapa buibui jeusi lina kazi yake. Likunje, uliweke upande mmoja wa kisu mahali ambapo ubapa utaakisi ukingo wake tu. Utaona mstari wa giza umepita kufuata mgongo wa kisu, na kwa mstari huo mtazamaji hujua wapi chuma ni kinene na wapi chembamba, wapi kimenyooka na wapi kimepinda. Wapigao picha za vyombo vya fedha kwa kazi hufanya hivyo hivyo, ila wao hutumia kadi nyeusi za kununua.

Alama za vidole nazo huonekana kwa karibu kama matope. Osha kisu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikaushe, kisha kipanguse kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa, ukianzia mgongoni kuelekea makali na kuinua mkono kabla ya kuyafikia. Usifute kwa kufuata urefu wa makali. Baada ya hapo kishike kwa mpini tu. Na lenzi ya simu, ambayo hukaa jikoni ikipata mvuke wa mafuta ya viazi na bajia, ipanguse pia. Tumeona simu zilizolaumiwa kuwa mbovu ilhali kosa lilikuwa la mafuta.

Ukaribu una mipaka

Mwenye kutaka kuonyesha makali huisogeza simu hadi karibu kukigusa kisu, kisha hushangaa picha imekuwa ukungu. Kila lenzi ina umbali ambao chini yake haioni. Jaribu kuusoma ukurasa ukiwa umeugusisha puani. Lenzi kuu ya simu nyingi haioni vyema kitu kilicho chini ya sentimita 10 hivi, na baadhi ya simu za bei kubwa, kwa ajabu ya mambo, zataka sentimita 20 au zaidi. Basi rudi nyuma kiasi cha shibiri moja, piga picha kwa ukubwa wote, kisha ukate pembeni ubakishe unachokitaka. Simu yenye lenzi ya pili ya kuvuta karibu, ile iandikwayo 2x au 3x, yafaa zaidi, kwa kuwa hukupa nafasi ya mwanga kupita kati yako na kisu. Lakini kukuza kwa vidole kabla ya kupiga katika simu isiyo na lenzi hiyo hakuongezi kitu. Simu huikata picha ile ile na kuitanua.

Ziko simu zenye hali maalumu ya kupigia vitu vidogo. Katika zile za gharama, kama iPhone 13 Pro ya mwaka 2021 na zilizofuata, kazi hiyo hufanywa na lenzi ya pembe pana, ambayo yaweza kukaribia hadi sentimita 2. Kwa alama iliyochongwa au pengo dogo, lenzi hiyo ni neema. Kwa kisu kizima si nzuri: hupindua umbo, ncha ikawa kubwa na mpini ukawa kama wa mwanasesere, na kivuli cha simu yenyewe hukilalia kisu. Katika simu nyingi za bei nafuu lenzi ya vitu vidogo ni ya megapikseli 2 tu, na sisi twaona afadhali kuiacha na kutumia ile kuu.

Lililo gumu zaidi ni hili. Kadiri unavyokaribia, ndivyo unavyopungua unene wa sehemu inayotoka wazi. Ukipiga picha ya msikiti kutoka ng'ambo ya barabara, msikiti wote huwa wazi na mnazi ulio nyuma pia. Ukipiga ncha ya kisu kwa umbali wa vidole vinne, sehemu iliyo wazi huenda ikawa milimita chache. Ncha ikiwa safi, katikati ya ubapa ni ukungu. Wengi hupenda kukiweka kisu mshazari kwa ajili ya uzuri, kisha hawajui kwa nini nusu yake imepotea. Kama shabaha ni kumwonyesha mnunuzi, usikiweke mshazari. Ubapa na mgongo wa simu viwe sambamba, kama vitabu viwili vilivyolaliana, na hapo urefu wote wa kisu utakuwa katika umbali mmoja na utatoka wazi pamoja.

Mkono pia hutetemeka, na kwa karibu mtetemeko mdogo huwa mkubwa. Ilaze simu juu ya kitu kisichotikisika: makopo mawili ya sukari na ubao juu yake, au vitabu (si msahafu, jamani). Weka saa ya simu ikuhesabie sekunde 3, gusa kitufe, kisha ondoa mkono.

Kabla ya kugusa kitufe, gusa kwanza kioo mahali unapotaka pawe wazi. Simu hulenga kwa kutafuta tofauti ya giza na mwanga, na ubapa laini usio na alama hauna cha kushikwa. Utaiona simu ikihangaika, ikienda mbele na nyuma. Mpe pa kushika: gusa maandishi yaliyochongwa, au pale chuma kinapoingia katika mpini, maadamu pako umbali ule ule na makali. Katika simu nyingi ukishikilia kidole kwa muda, ulengaji hufungwa usibadilike. Kisha teremsha kidole kidogo kupunguza mwanga. Chuma kilichozidi weupe hakirudi tena, lakini kilichokuwa giza kidogo chaweza kuongezwa baadaye.

Wenye kamera kamili na lenzi ya vitu vidogo wana maneno machache ya ziada. ISO iwe 100, kamera iwe juu ya tripodi, na tundu la lenzi liwe kati ya f/8 na f/11. Wako wanaolifinya hadi f/22 wakitaraji kila kitu kiwe wazi. Lakini mwanga upitao katika tundu dogo mno hutawanyika, na picha nzima hulegea. Afadhali kupiga picha kadhaa, kila moja ikilenga mbele kidogo kuliko iliyotangulia, kisha programu ya kompyuta iziunganishe. Kwa muuzaji wa visu vya jikoni hiyo ni anasa.

Makali yenyewe

Tumefika mahali ambapo picha huanza kuwa na faida hata kwa asiyeuza kitu. Makali ya kisu yaliyo makali kwelikweli hayaonekani. Hii si methali. Makali ni mahali ambapo nyuso mbili za chuma hukutana, na zikikutana sawasawa, pale panapokutana hapana upana wa kurudisha mwanga. Kisu kikiwa butu, nyuso hizo haziishii pamoja. Hubaki ukingo mwembamba uliopondeka, nao, japo ni mwembamba kuliko unywele, hung'aa kama uzi mweupe. Pengo hung'aa kama nukta. Wanoaji wa zamani hukiinua kisu kuelekea mwanga wa mlango na kutazama kwa jicho moja, nao hutafuta uzi huo huo.

Simu huliona jambo hili vizuri kuliko macho ya mtu wa makamo yetu. Kunja taulo nene mara kadhaa, ukilaze kisu ndani yake kwa mgongo, makali yakitazama juu, taulo likikibana pande zote mbili kisiegemee wala kuanguka. Watoto wawe chumba kingine na mlango umefungwa. Hatulisemi hili kwa adabu tu. Nyuma na chini yake pawe peusi, na buibui lile lile litafaa. Fifisha mwanga wa chumba, kisha washa tochi ya simu ya pili, uishike juu ya kisu, na uisogeze polepole kutoka shina hadi ncha huku simu ya kwanza ikipiga kutoka juu. Palipo makali pataendelea kuwa peusi. Palipo butu patawaka. Mara nyingi utaona kisu cha jikoni kimewaka sehemu moja tu, karibu na tumbo la kisu kuelekea ncha, kwa kuwa ndipo panapogonga kibao kila siku, ilhali karibu na mpini pangali pazima.

Picha hiyo mpelekee mnoaji, yule apitaye na baiskeli yake au akaaye pembeni mwa soko. Hatanoa kisu chote kwa nguvu moja na kukila chuma bure. Ataona wapi pa kufanyia kazi. Akimaliza, piga nyingine kwa mpango ule ule, uzilinganishe. Kwa kisu cha kuchinjia hili lina uzito wake, kwa maana mnyama anastahiki kisu kisichomkwaruza, na pengo ambalo kidole hakikulihisi lamuumiza.

Zaidi ya ukingo, makali yana uso mwembamba ulionolewa, ambao katika visu vya jikoni kwa kawaida huinama nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kwa kuwa pembe yake si ile ya ubapa, haupokei mwanga pamoja nao. Ubapa ukiwa mweupe, uso huo huwa wa giza. Ukikiinamisha kisu kidogo tu kwa kukiwekea sarafu chini ya mgongo, hugeuka, ubapa ukawa wa giza na uso ulionolewa ukang'aa kama ushanga. Piga picha katika hali hizo mbili. Ya pili huonyesha kama kisu kilinolewa kwa unyoofu au kwa mashine iliyotetemeka mkononi.

Kusoma chuma

Jicho la karibu juu ya chuma ni elimu ya kale. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Waarabu, aliandika risala juu ya panga na aina zake kwa ajili ya Khalifa al-Mu'tasim, aliyetawala kutoka mwaka 833 hadi 842, akagawa chuma kuwa cha kiume na cha kike, na akaeleza feleji, na namna ya kuijua panga kwa nakshi ya chuma chake. Leo visu vingi vyauzwa kwa jina la Dameski kwa sababu ya nakshi ya mawimbi ubapani. Iliyo ya kweli hutokana na matabaka ya chuma yaliyofuliwa pamoja, basi nakshi haikomi ubapani; ukipiga mgongo wa kisu kwa karibu utaiona mistari yake inapita hapo pia. Iliyochapwa juu kwa mwale wa leza au kwa dawa hukoma ukingoni, na mara nyingi wimbi lile lile hujirudia kama ua la leso. Mnunuzi na aombe picha ya mgongo. Muuzaji mwaminifu haimpunguzii kitu, na asiyetaka kuipiga amekwisha kujibu.

Jina lililochongwa nalo lisomwe kwa karibu. Solingen, kwa mfano, ni mji wa Ujerumani wa wafua visu, na tangu mwaka 1938 jina lake limelindwa kwa sheria ya nchi hiyo lisiandikwe juu ya visu visivyotengenezwa huko. Sheria ya Wajerumani haifiki katika kila kibanda cha soko letu. Herufi zilizochongwa au kuunguzwa chumani huwa na kingo safi zikikuzwa. Zilizopakwa rangi juu huchubuka, na hilo katika picha nzuri huonekana mara moja.

Kutu ina mambo yake. Chuma cha pua kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, ni mashuhuri kwa kukifua mwaka 1913, huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Hata hicho, kwa hewa yetu ya chumvi, hutoka vidoa vya rangi ya kahawia kikiachwa na maji. Visu vya wahunzi wetu havina kromiamu hiyo, navyo hugeuka rangi ya kijivu cha samawati kwa kukata vitunguu na ndimu. Kijivu hicho si aibu, hukilinda kisu. Kutu nyekundu ndiyo aibu. Lakini katika picha iliyopigwa chini ya taa ya manjano, vyote viwili huwa rangi moja, na mnunuzi hawezi kupambanua. Ndiyo sababu nyingine ya kupendelea mwanga wa mchana, na kipande cha karatasi nyeupe kiachwe kionekane pembeni, ili mtazamaji ajue weupe katika picha hiyo ni upi. Rula pia iwekwe, kwa maana kisu kisicho na cha kulinganishwa nacho chaweza kuwa cha kumenyea embe au cha kuchinjia ng'ombe.

Mahali wanapopasahau wote ni pale mpini unapokutana na chuma. Piga hapo. Ukiona ufa kati ya mti na chuma, jua ndimo mabaki ya nyama na maji yatakamoingia, na hakuna kuosha kutakakoyatoa.

Kutengeneza na kutuma

Simu zina programu za kurembesha. Kuongeza mwanga, kukata pembeni, kunyoosha picha iliyoinama, hayo ni kama kupangusa meza ya duka. Kufuta mkwaruzo kwa kidole, kuziba pengo, kulainisha kutu, hayo ni ghushi, na aliyeifanya hana tofauti na aliyeweka matunda mabovu chini ya mazima. Kisu kilichotumika kikiwa na mikwaruzo, ipige mikwaruzo, uandike chini yake na bei iipokee. Mama wa mzozo tuliousimulia sasa hutanguliza picha ya aibu kabla ya picha ya uzuri, na amesema kwetu kwamba wanaouliza wamepungua kidogo, na wanaorudisha wamekwisha.

Tahadhari ya mwisho ni ya njiani. WhatsApp huibana picha ili isafiri haraka, na kwa kuibana huondoa yale mambo madogo uliyoyahangaikia: uzi wa makali, nukta ya pengo. Chagua alama ya HD kabla ya kutuma, au itume kama faili na si kama picha. Picha za kuweka kwenye hali ya WhatsApp hubanwa pia, basi huko weka ya kisu kizima tu, kimelala juu ya kibao na kitunguu kando yake. Kisu kilichoshikwa mkononi na ncha kumwelekea mtazamaji ni sura ya kutisha kwa asiyejua wauza vyombo, na wako watoto wanaozitazama simu za mama zao.

Ukimaliza, usikiache kisu juu ya taulo. Kipanguse tena alama za vidole, kwa kuwa jasho la mkono lina chumvi na chumvi huanza kazi yake usiku ule ule. Kile cha mhunzi kipake tone moja la mafuta ya kupikia kwa kidole cha kitambaa, pande zote mbili. Kisha kiingie katika ala yake, au kivingirishwe gazeti, kiwekwe juu pasipofikiwa na watoto.